Bwana Alimtoa Kwenye Kelele

Ujumbe wa Jumapili, ibada ya pili
Somo: Marko 7:31-37
Maandiko mengine: 1 Samweli 1:12-17, 1 Wafalme 19:3-13, Isaya 38:21, Mathayo 4:24

 

Leo sitapiga kelele. Nimewaomba vijana wa vyombo washushe sauti ya spika, na nitaongea polepole. Ukiona pasta hajapandisha sauti, usifikiri upako umepungua. Iko sababu, na nikimaliza utaielewa. Mwambie jirani yako, lakini mwambie kwa sauti ya chini: "Leo tusikilize."

Fungua Marko 7. Yesu amefika pande za Dekapoli. Watu wanamletea mtu ambaye ni kiziwi, na ulimi wake ni mzito. Wanamsihi Bwana amwekee mkono. Umati upo, na kila mtu anangoja kuona muujiza. Sasa angalia mstari wa 33. Kabla ya kumgusa, kabla ya kusema neno lolote, Yesu anamchukua yule mtu na kumpeleka pembeni, mbali na watu. Anamtoa kwenye kelele kwanza. Halafu ndipo anaweka vidole masikioni, anatazama mbinguni, anasema Efatha.

Nimehubiri andiko hili zaidi ya mara kumi. Kila mara nilikimbilia Efatha, kwa sababu Efatha inapendeza kupigiwa kelele. Huo mstari wa 33 niliuruka. Na kwa sababu niliuruka, nilimuumiza mtoto wa watu. Leo nataka kutubu mbele yenu, kwa ruhusa ya mtoto huyo na ya mama yake. Jina sitalitaja.

Miaka michache iliyopita, mama mmoja wa ushirika wetu alimleta kijana wake kwenye kesha ya Ijumaa. Kijana alikuwa na miaka 22, alikuwa akisoma chuo cha ufundi. Alikuwa ameacha masomo. Halali, anaongea peke yake, anasema majirani wanamtaja usiku kucha. Hospitali walikuwa wamesema ni ugonjwa unaoitwa skizofrenia, wakampa dawa. Mama alikuwa na zile dawa kwenye mkoba.

Tulifanya nini? Tulimweka mbele, katikati ya spika mbili kubwa. Tukamzunguka watu kumi na wawili, kila mmoja anaomba kwa nguvu zake zote, wengine mdomo karibu na sikio lake. Kijana akaziba masikio. Nikasema kwenye maiki, "Mnaona? Hilo pepo halitaki kusikia Neno!" Tukaongeza sauti. Akaanguka chini akilia, nasi tukashangilia. Kisha nikamwambia mama yake, "Mama, sasa onyesha imani. Hizo dawa ziache."

Mama alinitii. Mimi ndiye pasta wake.

Baada ya majuma machache, kijana alitoka nyumbani usiku. Walimtafuta siku tisa. Alipatikana kwenye stendi ya matatu ya mji mwingine, miguu imejaa vidonda, hajala. Alirudishwa hospitali hali yake ikiwa mbaya kuliko mwanzo. Na yule mama hakukanyaga hapa kwa miezi minane. Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Mimi mwenyewe nilijua kwa nini.

Siku nilipoenda kuwaomba msamaha, kijana alikuwa amerudia dawa zake na anaongea vizuri. Nikamuuliza, "Ile Ijumaa, mwanangu, ulikuwa unasikia nini?" Akasema:

"Pasta, nilikuwa nasikia kila kitu. Jenereta. Mvua kwenye mabati. Mtoto akikohoa kule nyuma. Viatu vya wahudumu. Na nyinyi kumi na wawili, kila mtu na maneno yake, na zile sauti zangu juu yake. Zote zilikuwa kubwa sawasawa. Sikuweza kuchagua. Niliziba masikio ili nipate kusikia hata mtu mmoja akiniombea."

Ndugu zangu, mimi nilisema pepo linakataa Neno. Kumbe mtoto alikuwa analitafuta Neno katikati ya kelele zetu.

Kuhani Eli alimwona Hana midomo inatikisika bila sauti, akaamua kwamba huyu mama amelewa. Eli alikuwa mtumishi wa Mungu, yuko hekaluni, yuko kazini, na bado alikosea. Lakini Hana alipojieleza, Eli alisikiliza, akabadilisha maneno yake, akambariki. Mimi nilikuwa Eli wa sehemu ya kwanza. Naomba Mungu aniwezeshe kuwa Eli wa sehemu ya pili.

Baada ya siku hiyo niliketi na daktari wa magonjwa ya akili, na pia nikasoma. Wacha niwaeleze nilichojifunza, kwa lugha ya kawaida.

Wewe ukihamia ploti iliyo karibu na posho mili, siku ya kwanza hulali. Ule mngurumo uko kichwani mwako kabisa. Baada ya wiki moja, mgeni anakutembelea anauliza, "Hii kelele mnaivumilia aje?" Unamuuliza, "Kelele gani?" Waliozoea Kamukunji wanajua. Fundi wa jua kali anakata bei na mteja huku nyundo mia moja zinagonga mabati, na wanaelewana. Ni kwa sababu gani? Sikio halijazibwa. Sikio linapokea kila kitu. Lakini ndani ya ubongo ni kama kuna soja wa geti. Sauti ikija mara ya kwanza, soja anaiangalia: wewe ni nani, una habari gani? Ikija tena ileile, anasema, "Huyu nimeshamwona," anaiacha nje. Kwa hiyo wewe unabaki na nafasi ya kusikia mke wako, mtoto wako, mhubiri.

Wataalamu wameweza kumpima huyo soja. Huko Denver, jimbo la Colorado, Marekani, Lawrence Adler, Robert Freedman na wenzao walichapisha kazi yao mwaka 1982. Kipimo chenyewe ni rahisi kueleza. Mtu anabandikwa nyaya ndogo kichwani zinazosoma umeme wa ubongo. Haziumi. Kisha anasikilizishwa mlio mfupi, ta! Nusu sekunde baadaye, mlio uleule, ta! Kimya kidogo, halafu tena, mara nyingi. Ubongo hujibu mlio haraka sana, kama sehemu 50 za sekunde iliyogawanywa mara 1,000. Kwa watu wengi, jibu la mlio wa kwanza ni kubwa na la pili ni dogo. Soja amefanya kazi. Kwa wengi wenye skizofrenia, jibu la pili linakaribia ukubwa wa la kwanza. Geti halikufungwa. Mlio wa pili umeingia kama mgeni mpya, na wa tatu utaingia hivyohivyo, na wa mia.

Sasa fikiria hiyo si milio miwili ya maabara. Ni soko. Ni matatu yenye muziki. Ni darasa. Ni kanisa letu Jumapili! Mtu anayeingiwa na sauti zote bila kuchaguliwa atachoka. Atashindwa kufuata mazungumzo. Atatoka nje katikati ya mahubiri. Na sisi tunasema, "Huyo hapendi mambo ya Mungu."

Tena tabia hii ya geti hutembea katika familia. Mwaka 1997 Freedman na wenzake walionyesha inahusiana na sehemu ya kromosomu ya 15, mahali penye jeni inayohusika na kipokezi kimoja cha ubongo. Hata baadhi ya ndugu wa damu wasio wagonjwa huonekana nayo katika kipimo. Basi mama usijilaumu eti ulimlea vibaya. Na wewe jirani, acha kuulizauliza familia hiyo ilikula kiapo gani.

Nikasoma jambo lingine likanichoma. Kile kipokezi huamshwa pia na nikotini, ile iliyo kwenye tumbaku. Nikotini hulisaidia geti kufunga kidogo, kwa muda mfupi tu. Na watu wengi wenye ugonjwa huu huvuta sigara sana. Sikilizeni vizuri: sisemi sigara ni dawa. Sigara inaua. Lakini yule ndugu aliyekuwa anasimama nje ya geti la kanisa akivuta, ambaye tulimhubiria jehanamu kila Jumapili, huenda alikuwa anatafuta dakika tano za utulivu. Nani kati yetu alimuuliza?

Nisiwadanganye kwamba geti ndilo ugonjwa wote. Hapana. Ziko zile sauti ambazo mtu anazisikia na hakuna anayeongea. Hapo pia wataalamu wameona jambo. Wewe ukiongea, ubongo wako hupunguza jinsi unavyoipokea sauti yako mwenyewe, kana kwamba umeambiwa mapema, "Huyu ni wewe." Kwa wengi wenye skizofrenia, taarifa hiyo ni dhaifu. Kwa hiyo wataalamu wengi wanafikiri kwamba mawazo ya mtu mwenyewe yanaweza kumjia kama maneno ya mtu mwingine. Hachezi. Hajifanyi. Ukimwambia, "Hakuna sauti, acha ujinga," umemwambia kwamba masikio yake ni mwongo na wewe pia humwamini. Atabaki na nani?

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu wapatao milioni 24 duniani wana ugonjwa huu, kama mtu mmoja kati ya 300. Hesabu basi. Kanisa la watu 600, wawili. Kwa kawaida huanza mtu akiwa kijana, kati ya mwisho wa ujana na miaka ya ishirini. Ni watoto wetu wa fomu four na wa chuo.

Sasa najua swali lililo moyoni mwako, kwa sababu ni langu pia. "Pasta, umeacha kuamini mapepo?" Sijaacha. Lakini soma Mathayo 4:24. Mwandishi anawataja walioletwa kwa Yesu: wenye maradhi mbalimbali, wenye pepo, wenye kifafa, waliopooza. Amewataja kila kundi kwa jina lake. Hakuwaweka wote kwenye gunia moja. Biblia inatofautisha, kwa nini sisi tunachanganya? Na hata hao wote Yesu aliwaponya, hakuna aliyemfunga mnyororo, hakuna aliyemnyima chakula, hakuna aliyemchapa.

Na kuhusu dawa, soma Isaya 38. Mfalme Hezekia anaumwa, analia mbele za Mungu, Mungu anasikia, anamwongezea miaka 15. Maombi yamejibiwa, ama sivyo? Lakini mstari wa 21, nabii Isaya anaagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Mungu ameshasema utapona, na tini bado zinawekwa! Isaya hakuona kwamba tini zimemdharau Mungu. Dawa ya kwanza ya aina hii, klopromazini, ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili Ufaransa mwaka 1952. Tangu hapo zimetoka nyingine. Zina shida zake: mtu anaweza kunenepa, kutetemeka, kulala sana. Hayo yapelekwe kwa daktari abadilishe. Lakini dawa zikikatizwa, ugonjwa huwarudia wengi. Mimi nimeliona kwa macho yangu, na ni mimi niliyesababisha.

Kuna jambo la mwisho kabla sijafunga. Mwaka 1972 huko London, George Brown na wenzake waliandika walichokiona kwa wagonjwa waliotoka hospitali kurudi nyumbani. Waliorudi kwenye nyumba zenye lawama nyingi na ukali waliugua tena zaidi kuliko waliorudi kwenye nyumba tulivu. Na katika kipimo kile cha milio miwili, hata mtu mzima wa afya akitiwa mkono kwenye maji ya barafu, geti lake hulegea kwa muda. Mfadhaiko unalegeza geti la mtu yeyote. Je, kwa yule ambaye geti lake lilikuwa limelegea tangu zamani, makelele ya nyumbani yatafanya nini?

Wapendwa, hapa ndipo kuna kazi yetu. Geti la ubongo wake hatuwezi kulifunga kwa mikono yetu. Lakini kelele iliyo nje ya geti, hiyo ni yetu! Hiyo tunaweza kuipunguza leo. Amina?

Ndiyo maana Yesu alimtoa yule mtu kwenye umati. Hakumwonea aibu. Alimpa heshima ya kuwa mgonjwa mmoja mbele ya Mwokozi mmoja. Na kumbuka Eliya, amechoka hadi anaomba kufa. Malaika hakumkemea. Alimwacha alale, akamlisha, akamwacha alale tena, akamlisha tena. Kisha kule Horebu upepo ukapita, na tetemeko, na moto, na Bwana hakuwa humo. Alikuja kwa sauti ya chini. Mungu wetu anajua kushusha sauti. Je, sisi?

Wazee wa kanisa wamekaa, na tumekubaliana mambo haya:

1. Spika mbili za nyuma zitazimwa katika ibada ya kwanza. Anayehitaji utulivu aje ibada hiyo, akae karibu na mlango, atoke na kurudi anavyotaka. Wahudumu wa mlangoni, msimuulize anaenda wapi. Mpeni maji.

2. Mgonjwa wa akili haombewi tena na kundi. Waombaji wawili, chumba cha pembeni, mmoja anaomba, mwingine ananyamaza. Muulize kwanza, "Ndugu, niombe nawe?" Akikataa, kaa naye tu. Kukaa naye pia ni huduma.

3. Hakuna mtu wa kanisa hili, awe pasta, mzee au nabii mgeni, atakayemwambia mtu aache dawa. Ukiambiwa hivyo, njoo kwangu siku hiyohiyo.

4. Nyumbani, ukiongea naye, zima redio na televisheni. Aongee mtu mmoja kwa wakati. Sema jambo moja, kwa maneno mafupi, ungoje jibu. Sauti yako ikipanda, toka nje upumue, urudi.

5. Kijana akianza kujitenga, kukosa usingizi siku nyingi, kuacha shule bila sababu, kushuku kila mtu au kujibu sauti usizozisikia, mpeleke hospitali mapema, usingoje kesha. Akisema anataka kujiua, asiachwe peke yake hata dakika moja, na apelekwe saa hiyohiyo. Gharama ya nauli ikikushinda, mfuko wa matendo ya huruma upo kwa kazi hiyo.

6. Maneno "kichaa" na "wazimu" yatoke midomoni mwetu. Mathari ni hospitali, imehudumia watu tangu 1910. Sisi tumelifanya jina lake kuwa tusi la kutaniana. Tuache.

Mnaniuliza, yule kijana alipona? Anaendelea. Anameza dawa zake, anafanya kazi ya kutengeneza redio, zipo siku nzuri na siku mbaya. Sauti hazijaisha zote. Sitawatangazia ushuhuda ambao yeye mwenyewe hajautoa. Ninachoweza kusema ni kwamba mwezi uliopita alikuja ibada ya kwanza, akakaa karibu na mlango, akatoka mara mbili, akarudi mara mbili. Mwisho wa ibada akanishika mkono akasema, "Pasta, leo nimesikia somo."

Mimi nimeona makesha makubwa. Sijui kama nimewahi kusikia neno lililonifurahisha kama hilo.

Tuombe, kwa sauti ya chini.

Baba, tusamehe kwa wale tuliowapigia kelele tukidhani tunakupigania. Wewe una mamlaka ya kufungua na ya kufunga. Wafungie watoto wako zile sauti zinazowachosha, na uwafungulie moja tu, ya kwako. Wape madaktari na wauguzi hekima na subira. Wape akina mama usingizi. Nasi utufundishe kunyamaza. Katika jina la Yesu, amina.

Ya kuzungumza katika ushirika wa nyumbani wiki hii
- Soma Marko 7:33. Unafikiri kwa nini Bwana alimpeleka yule mtu pembeni kwanza?
- Je, kuna mtu uliyemhukumu kama Eli alivyomhukumu Hana? Utaanzaje kumrudia?
- Katika mtaa wenu, ni familia gani inayouguza mgonjwa wa akili? Nani ataenda kuwasalimu kabla ya Jumapili, na atabeba nini mkononi?